Nani Aliifundisha Kompyuta Kuandika Shajara?

Sumbawanga ni jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa "tupa uchawi". Ukilitaja Dar es Salaam, kwenye daladala au ofisini, hukosi mtu wa kucheka na kukuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Utani huo tumeshauzoea. Leo nataka kuzungumzia uchawi mwingine, ule tunaoufanya sisi vijana tuliosoma, mchana kweupe, mbele ya kompyuta.

Kifaa kimegoma. Tunazima, tunawasha. Tunachomoa waya, tunapuliza tundu, tunachomeka tena. Ikishindikana tunapiga fomati kompyuta nzima. Mwishowe mmoja wetu, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, anatangaza kuwa kifaa kimekufa na kwamba kingine kinapatikana Mbeya. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Hiyo ni ramli tupu, ila mpiga ramli amevaa kitambulisho cha kazini shingoni.

Cha kushangaza ni kwamba muda wote huo kompyuta, hasa ile inayoendesha Linux au ndugu zake wa ukoo wa Unix, imekuwa ikiandika yaliyotokea, kwa saa, dakika na sekunde. Ina shajara. (Windows nayo ina yake, tangu Windows NT ya mwaka 1993.) Mafundi huiita logi. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza nani kasema nini na lini. Kwa hiyo swali lililonikaa kichwani ni la kihistoria: nani aliifundisha kompyuta kuandika shajara, na imekuwaje sisi tunaitumia kila siku bila kuisoma?

Kaseti za mwalimu

Siulizi kwa kujifurahisha. Hapa mjini yupo mwalimu mstaafu ambaye miaka ya 1980 alizunguka vijiji vya uwanda wa Ufipa na redio kaseti yake, akiwarekodi wazee. Alifika Matai, Laela, Namanyere, mpaka Kirando kule chini ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ndani ya kaseti zile mna hadithi, vitendawili, nyimbo, na mzee mmoja anayeeleza namna malungu yalivyojengwa. Kwa asiyejua, malungu ni matanuru ya udongo ambayo Wafipa waliyeyushia chuma. Ni marefu kuliko mtu, na yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila kuhitaji mivukuto. Mabaki yake bado yanaonekana uwandani. Watu waliowahi kuyaona yakiwaka kwa kazi halisi wameshatangulia mbele ya haki. Mzee yule amebaki sauti tu, kwenye utepe mwembamba kuliko kamba ya kiatu.

Tukakubaliana na mwalimu, sisi vijana watatu, tuzihamishie kaseti zake kwenye kompyuta. Kaseti ya miaka 40 haikupi nafasi nyingi. Kila inapopita kwenye kichwa cha redio inaweza kuacha unga wa kahawia, na unga ule ndio sauti yenyewe inayobanduka. Utepe ukikatika, umekatika. Kwa hiyo kila rekodi iliyoharibika ilikuwa ni sehemu ya uhai wa kaseti imetumika bure.

Na ziliharibika. Tunamweka mzee wa malungu, anaanza vizuri, dakika ishirini zinapita, halafu basi. Programu ya kurekodi imesimama, faili limekatika katikati ya sentensi. Kadi ndogo ya sauti ya USB, tuliyoichomeka kwenye kompyuta kuukuu iliyogeuzwa seva, haionekani. Ukihesabu mpaka tatu imerudi, nzima, taa yake inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Ikatokea mara ya pili, na ya tatu. Maoni yakaanza kumiminika: kadi ni feki, Linux haifai kwa sauti, tuweke Windows, tukanunue nyingine Mbeya. Nitarudi kwenye mkasa huu baadaye. Kwanza tumtafute mwandishi wa shajara.

Karatasi sakafuni

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, mji wa Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Waanzilishi wanaotajwa zaidi ni Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati ule mtu aliongea na kompyuta kupitia teletaipu, mashine mfano wa taipureta ambayo ilichapa kwenye karatasi. Mfumo ukipata tatizo ulilichapa palepale. Shajara ya kwanza, basi, ilikuwa karatasi iliyoshuka sakafuni. Fundi akiingia asubuhi aliweza kuiokota na kusoma usiku ulipitaje.

Tabia ile ikabaki hata karatasi ilipoondoka. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo lake la Unix liitwalo 3BSD, na ndani yake kulikuwa na amri ya dmesg, ambayo inafanya kazi mpaka leo. Kazi yake ni kukuonesha ujumbe wa keneli, yaani kiini cha mfumo, ile sehemu inayoongea moja kwa moja na vifaa. Keneli huandika ujumbe wake kwenye eneo dogo la kumbukumbu lenye umbo la duara. Likijaa, habari mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani kuliko zote. Fikiria ubao wa matangazo wa kijiji ambao hauongezwi ukubwa: tangazo la leo linabandikwa juu ya lile la mwaka juzi. Na umeme ukikatika, ubao wote unafutika. Kwa sisi wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi tuliishi kwa umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na majenereta, hilo si jambo dogo.

Dawa ya usahaulifu huo ililetwa na Eric Allman, hapohapo Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa anaandika sendmail, programu ya kusafirisha barua pepe. Barua zilipopotea alihitaji kujua zimepotelea wapi, hivyo akatengeneza karani wa pembeni: programu nyingine zinampelekea habari, yeye anaandika kwenye faili. Karani huyo aliitwa syslog. Kila habari ilibeba jina la aliyeituma, saa, na uzito wake. Uzito una ngazi nane, kuanzia 0 ambayo ni janga (mfumo hautumiki tena) mpaka 7 ambayo ni maelezo madogomadogo ya watengenezaji. Programu nyingine nazo zikaanza kumtumia karani, kisha mifumo mingine ikamwiga. Kwa takribani miaka ishirini watu walimtumia bila waraka rasmi uliokubaliwa na wote. Maelezo yake yaliandikwa mwaka 2001 katika waraka uitwao RFC 3164, na kanuni kamili ikafuata mwaka 2009, RFC 5424.

Zingatieni jambo moja hapa. Shajara hii haikubuniwa na kampuni iliyotaka kuuza kitu. Ilitoka kwa mtu aliyechoka kubahatisha.

Mwaka 1974

Sasa turudi nyumbani, maana historia ya kompyuta ikiandikwa huwa inaishia California kana kwamba sisi hatukuwepo. Tulikuwepo. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Unix ilikuwa bado haijazaliwa. Zikafuata nyingine kwenye mashirika ya umma. Halafu mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Sababu kubwa inayotajwa na waliochunguza suala hilo ni vurugu za mahesabu: kazi ya uhasibu wa serikali ilikabidhiwa kompyuta, mambo yakaenda mrama na hasara ikawa kubwa. Marufuku ililegezwa taratibu miaka ya 1980. Televisheni, kwa upande wa Bara, tulisubiri mpaka mwaka 1994.

Mwaka huohuo wa 1974 ndio Mkoa wa Rukwa ulipoanzishwa. Kwa hiyo mkoa wetu na marufuku ya kompyuta ni rika moja!

Sitaki kuwakejeli wazee wetu. Mwaka ule bei ya mafuta ilikuwa imepanda, mvua zilikuwa haba na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kuzuia mashine za bei mbaya zisizoleta faida kulikuwa na mantiki yake. Ninachokiona mimi ni kilichopotea. Mashine ilipokosea tuliiondoa, na pamoja nayo tukaondoa nafasi ya kizazi kizima kujifunza kuihoji. Miaka ileile wenzetu wa Berkeley walikuwa wanaizoeza kompyuta ieleze ilichokosea. Kompyuta ziliporudi kwetu kwa wingi, zilikuja kama masanduku yaliyofungwa, na CD ya draiva pembeni. Ikigoma, muite fundi. Fundi naye, piga fomati.

Palikuwepo waliojaribu kwenda njia nyingine. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, chini ya mradi wa KiLinux. Walioufuatilia mradi ule wanakumbuka mjadala wa maneno: faili liitweje, dirisha liitweje. Menyu zilipata Kiswahili. Shajara ya keneli ilibaki kwa Kiingereza cha mkato, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kuiogopa. Inaonekana kama maandishi ya mganga.

Tundu moja kwa kila kitu

Kabla hatujaisoma shajara yenyewe, tukijue kifaa tunachokisaka.

Mnamo mwaka 1994 kompyuta ilikuwa na tundu la kibodi, tundu la mausi, tundu la printa, tundu la modemu, na kadi ya sauti ilibidi ufungue kasha na kuibana ndani. Kampuni saba (Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel) zikakaa kutengeneza tundu moja la kutumiwa na vyote. USB 1.0 ilitoka Januari 1996, toleo la 1.1 likaja mwaka 1998, na 2.0 mwaka 2000. Mwaka huo wa 1998 ikatoka pia kanuni ya pamoja ya vifaa vya sauti: kadi yoyote inayoifuata ijitambulishe kwa namna moja, ili draiva moja izihudumie zote.

Kwa watu wa Unix hii ilikuwa neema. Lennart Augustsson, aliyeandika sehemu ya USB ya NetBSD, mojawapo ya watoto wa ile Unix ya Berkeley, alikuwa na draiva ya sauti mwaka 1999. Linux, aliyoianza Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, ilipata sauti mapema kupitia Mfini mwenzake, Hannu Savolainen. Baadaye Jaroslav Kysela wa Ucheki akaanzisha mradi wa ALSA ambao ndio ulikuja kuwa mfumo mkuu wa sauti wa Linux kuanzia toleo la 2.6 la Desemba 2003. Draiva ya USB ndani ya ALSA ni kazi ya Takashi Iwai ya mwaka 2002, akijenga juu ya kazi ya Alan Cox na Thomas Sailer. Kadi yetu hapa Sumbawanga inaendeshwa na draiva hiyo. Hatukuhitaji CD, na hatukupakua chochote.

Sauti kwenye USB ina tabia moja ambayo ukiielewa nusu ya mafumbo yanaisha. Ukinakili faili kwenye flashi, kipande kikipotea njiani kinatumwa tena. Sauti haisubiri. Kwenye kadi za kasi ya kawaida, waya unabeba furushi moja kila milisekunde. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila furushi lina sampuli 48 kwa kila upande, kushoto na kulia. Kwa sampuli 44,100, ile hesabu ya CD za muziki, mafurushi tisa yanabeba 44 na la kumi linabeba 45 ili hesabu itimie. Furushi likipotea halirudiwi. Unasikia mlio mdogo wa "tik", na kilichokuwa ndani yake kimekwenda. Ni kama mzee anayesimulia bila kurudia: ukikohoa, umekosa neno.

Tabia ya pili ni ulaji wa umeme. Kifaa cha USB 2.0 kinaruhusiwa miliampia 100 mwanzoni, na kikiomba na kukubaliwa, mpaka 500. Habu isiyo na umeme wake, ile unayochomeka ili kupata matundu manne kutoka kwenye moja, inagawana hizo 500 na watoto wake, kila mmoja miliampia 100. Wakila kidogo wanaishi kwa amani. Akiingia mlafi mmoja, wote wanaumia.

Shahidi anaongea

Sasa tuusome ushahidi. Amri ni chache. "lsusb" inaorodhesha waliopo kwenye waya. "arecord -l" inaorodhesha kadi zinazoweza kurekodi. "dmesg -w" inakuacha usome shajara ya keneli wakati inaandikwa. Na "journalctl -k" inasoma shajara hiyohiyo kupitia karani mpya wa systemd, aliyeanza kuonekana mwaka 2011. Kwenye seva yetu isiyo na skrini tuliziandika kutoka kwenye laptopu, kwa mtandao.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni mistari miwili iliyofuatana, nusu sekunde katikati:

usb 1-1.3: USB disconnect, device number 6
usb 1-1.3: new full-speed USB device number 7 using ehci-pci

Someni taratibu. "1-1.3" ni anwani ya tundu: njia ya kwanza, tundu la kwanza ambalo limekaliwa na habu, na tundu la tatu la habu hiyo. Mstari wa kwanza unasema mgeni namba 6 ameondoka. Wa pili unasema kuna mgeni mpya, namba 7. Hakuna mtu aliyegusa waya. Kadi ni ileile, lakini keneli imemwona mgeni mwingine. Tuliporudi nyuma kwenye faili tukakuta 4, 5, 6, 7. Ilikuwa inaondoka na kurudi, na kila ikirudi inapewa namba mpya, kama mtu anayetoka geti la stendi na kurudi na tiketi nyingine. Programu ya kurekodi ilikuwa imeshika ile tiketi ya zamani, ndiyo maana ilisimama.

Hapohapo maoni mawili yakafa. Linux ilikuwa inafanya kazi yake, na draiva haikulalamika. Kama tatizo lingekuwa kompyuta kuzidiwa na kazi, keneli ingekaa kimya na arecord yenyewe ndiyo ingepiga kelele ya "overrun". Ukimya wa shahidi nao ni ushahidi.

Kitu cha pili kilikuwa saa. Logi inaandika kwa saa ishirini na nne, ukiwa umezoea saa za Kiswahili inabidi utafsiri. Kuondoka kwa kwanza: 14:30:03, yaani saa nane na nusu mchana. Kwa pili: 15:00:03. Kwa tatu: 15:30:03. Hakuna kadi inayokufa kwa ratiba! Kifo cha namna hii kina mtu nyuma yake.

Tukamwita shahidi wa pili. Seva ina programu iitwayo cron, ambayo kazi yake ni kuamsha kazi nyingine kwa saa zilizopangwa, nayo inaandika kwa karani yuleyule. Mistari yake: 14:30:01, 15:00:01, 15:30:01, amri ya kunakili mafaili kwenda kwenye diski ya nje. Kila mara, sekunde mbili kabla ya kadi kutoweka.

Hadithi ikajiunga yenyewe. Diski ya nje ilikuwa imelala. Cron inaiamsha, mota yake inaanza kuzunguka, na mota inapoanza ndipo inapovuta umeme mwingi kuliko wakati wowote. Diski na kadi zilikuwa zimechomekwa kwenye habu moja isiyo na umeme wake, ambayo tuliikuta imeshafungwa kwenye ile kompyuta tulipoipokea. Umeme unashuka, kadi inazirai, diski ikitulia kadi inazinduka. Mzee wa malungu alikuwa anakatishwa kila nusu saa na mota ya diski.

Dawa ilikuwa bure. Diski ikahamishiwa tundu la nyuma la kompyuta, kadi ikapewa tundu lake, habu ikawekwa kabatini. Tena tukaiambia programu iitafute kadi kwa jina badala ya namba, maana namba hubadilika. Siku hiyo upande mzima wa kaseti uliingia, dakika 45, bila shajara kuandika chochote kuhusu kadi.

Si kila kesi itafanana na yetu, kwa hiyo nawaachia funguo chache. Ukiona "error -71", mazungumzo kwenye waya yanavurugika: shuku waya, tundu, au umeme. "error -110" maana yake kifaa kiliulizwa hakikujibu kwa wakati. "error -32" ni kifaa kukataa ombi, mara nyingi kwa sababu kimeombwa jambo kisichoweza. "error -28" kwenye USB ni njia kujaa: umechomeka vifaa vingi vya sauti au kamera kwenye njia moja, hamisha kimoja. Na ukiona tarehe ya 1 Januari 1970 usishtuke. Unix huhesabu sekunde kuanzia siku hiyo, na kompyuta isiyojua saa hurudi palepale ilipoanzia hesabu.

Mashahidi wawili

Njia hii ya mashahidi wawili haikuanzia kwenye kompyuta, na hapa Ufipa tunayo mifano yake. Ukishuka kutoka uwandani kwenda ziwani na kuelekea kaskazini unafika Karema, ambayo leo ipo Mkoa wa Katavi. White Fathers walifika pale mwaka 1885. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, alikuwa ameweka kanuni kwamba kila misheni iandike shajara ya kila siku: nani kaja, nani kafa, mvua imenyesha au la. Waliandika kwa macho yao ya Kizungu, mengine hawakuyaelewa na mengine waliyapotosha. Lakini tarehe wameweka.

Upande wa pili tuna wazee, ambao hawakuweka tarehe ila walijua maana. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alijenga kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya dola za Nkansi na Lyangalile kwa kuvitumia vyote viwili, masimulizi ya Wafipa na maandishi ya waliopita. Shajara peke yake ingekupa orodha ya wageni, na masimulizi peke yake yangekuacha bila kujua lipi lilitangulia. Mistari ya keneli na mistari ya cron tuliiweka pamoja kwa namna hiyohiyo: huyu anasema nini, yule anasema nini, saa zinakutana wapi.

Ndiyo maana siku hizi kila kaseti tunayoihamisha tunaihifadhi pamoja na kipande cha logi cha muda ule. Ni faili dogo la maandishi, halichukui nafasi. Miaka 50 ijayo mtu akisikia "tik" katikati ya maneno ya mzee, ataweza kujua kama ni kaseti, ni waya, au ni mzee mwenyewe kagonga meza.

Kuna kitu kimoja logi haitatusaidia. Haijui Kifipa. Inaweza kuapa kwamba sampuli zote zimefika, na isijue kama mzee ametaja udongo wa kichuguu au wa mtoni, wala jina la mti uliochomwa mkaa. Kwa hilo tunamhitaji mwalimu, na mwalimu umri umekwenda. Kila Jumamosi jioni anakaa na sisi, tunamwekea faili, anasimamisha, anaeleza, tunaandika. Tumemaliza kaseti kumi na moja. Zimebaki zaidi ya hizo.

Kama nyumbani kwenu kuna kaseti za babu zimelala kwenye kasha la viatu, iwe Sumbawanga, Bukoba au Tanga, msizichezeshe "kujaribu tu". Tafuteni kwanza redio iliyosafishwa kichwa, fungueni dmesg -w pembeni, halafu muiteni mtu anayeijua lugha ile angali hai.